Mkono Uliosingiziwa

Wapendwa, kabla hatujaendelea nataka niwape habari za fundi mmoja. Msicheke sana mapema, maana mwisho wake hauchekeshi.

Kulikuwa na seremala aliyenunua mashine ya kukerezea mbao, ile inayozungusha kipande cha mti nawe unakichonga kwa patasi mpaka kinatoka mviringo. Mashine nzuri, nzito. Lakini mashine haikai hewani, inataka stendi. Fundi akaokota mabanzi na mbao za kreti, akagonga misumari, akasema imekwisha. Fundi mwenzake, rafiki aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Kaka, hii stendi inacheza. Tuijenge upya kwa mbao ngumu ya mninga, tufunge na bolti."

"Stendi nani anaiona?" akajibu mwenye mashine. "Mteja ananunua mguu wa kitanda, hanunui stendi. Piga kazi!"

Kazi ikapigwa, mwenzake ndiye akishika patasi. Mashine ikiwashwa, stendi inatetemeka, patasi inarukaruka, na kila mguu wa kitanda unatoka na mawimbi. Wateja wakarudisha mzigo. Na yule bwana, badala ya kuinama aangalie chini ya mashine, aliangalia mkono wa mwenzake. Akamwambia mbele za watu:

"Ndugu yangu, umezeeka. Mkono wako unatetemeka. Nenda kapumzike."

Mwenzake akautazama mkono wake, akafunga patasi zake kwenye gunia, akaondoka.

Sasa bwana akashika patasi mwenyewe. Mawimbi yale yale! Mnadhani alisema nini? Alisema mbao za siku hizi ni mbovu. Mnatuona binadamu tulivyo? Mwenzako akikosea, kosa ni la mkono wake. Ukikosea wewe, kosa ni la mbao.

Ikapita miezi saba, mpaka asubuhi moja stendi ikavunjika, mashine ikaanguka, nusura imvunje na yeye mguu. Ndipo akajenga stendi ya kweli: miguu minene ya mninga iliyotanuka chini, bolti kila kiungo, na sanduku la mchanga katikati ili itulie. Akawasha mashine. Ikatulia tuli. Pembeni akaona mguu wa kitanda ambao mwenzake aliuacha nusu, akaufunga kwenye mashine, akaumalizia. Ukatoka laini, hauna hata wimbi moja. Yule bwana akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akalia.

Akaenda mbio hadi kwa mwenzake, akamkuta kibarazani anachambua maharage na mkewe.

"Kaka, nisamehe. Haukuwa mkono wako, ilikuwa stendi. Nimeijenga kama ulivyosema. Rudi kazini."

Mwenzake akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka.

"Nilishakusamehe," akasema. "Lakini uliponiambia vile, niliamini. Nikawa nauangalia kila nikishika kikombe. Nikaogopa patasi, nikazigawa. Kaka, siku ile mkono haukutetemeka. Sasa unatetemeka kweli."

Wapendwa, stendi ilijengwa upya kwa siku tatu. Mkono ule nani ataujenga?

Na sisi je? Nyumbani kwetu tumegongelea mabanzi. Hatuongei, hatuombi pamoja, baba anarudi watoto wamelala. Mambo yakiyumba tunamgeukia mke: wewe hujui kulea. Tunamgeukia mtoto: wewe kichwa chako kizito. Mtoto anasikia, na anaamini! Nani kati yetu ameinama akaangalia stendi aliyoijenga yeye mwenyewe?

Sisemi na ninyi tu. Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa mimbarini nikasema sauti ya mama mmoja wa kwaya yetu imechoka. Sikuwaambia kwamba mwezi ule mzima nilikuwa nimewanyang'anya wanakwaya chumba cha mazoezi kwa ajili ya vikao vyangu, wakaimba bila kufanya mazoezi. Mama yule hajaimba tena. Huja kila Jumapili, hukaa benchi la nyuma, na wimbo ukianza hufunga mdomo.

Mama, nilikusema mbele za watu, basi nakiri mbele za watu. Sauti yako haikuwa na kosa. Ibada ikiisha nitakuja hapo ulipo kukuomba msamaha, na ninaogopa, kwa sababu najua huenda nimechelewa.