Fundi Aliyeweka Bei ya Swali

Wapendwa, katika mahubiri ya leo sina mkulima wala mchunga kondoo. Nina fundi wa kompyuta. Mama Tuntufye, usiangalie mlango. Hata wewe usiyejua kuwasha kompyuta utanielewa.

Fundi huyu alikuwa anakaa peke yake kwenye chumba cha kupanga, nyuma ya duka la mbolea. Alitengeneza zana ya kuandikia programu. Yaani hakukuandikia programu ya dukani kwako. Alikuuzia zana, ukaandika programu yako mwenyewe. Wateja wake walikuwa watu wadogo wadogo: mwalimu wa sekondari, muuza dawa za mifugo, na muuguzi mmoja wa zahanati ya mbali. Muuguzi alijifunza mwenyewe, akaandika programu ya kumkumbusha ni watoto gani wanatakiwa kuja kuchanjwa siku gani.

Watu hawa walikuwa wakikwama wanapiga simu. Jamani, walipiga! Fundi akiinua kijiko, simu. Akijipaka sabuni, simu. Muuguzi ndiye aliyezidi, maana kijijini hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari hizo. Tena alianza na salamu ndefu: za huko, umekula, kifua kimepona?

Rafiki wa fundi akamwambia, "Unajimaliza, ndugu yangu. Weka bei. Kampuni kubwa zilipe kwa mwaka, zipige zinapotaka. Hawa wadogo walipe kila swali, tena kabla hujafungua mdomo."

Sasa msinielewe vibaya. Kulipwa si dhambi, fundi naye anakula. Akaweka bei: lipa kwanza ndipo uulize. Kampuni kubwa hata moja haikuja. Na wale wadogo wakanyamaza.

Wiki ya kwanza alilala usingizi mzuri. Mwezi wa pili akamwambia rafiki yake, "Umeona? Hakuna anayeuliza. Zana yangu imekamilika!" Mwezi wa tano akaanza kuigeuzageuza simu aone kama imezima. Mwezi wa nane, nawaambia kweli, alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja, anakula akiitazama ile simu, na hakuna mtu duniani aliyejua kama kifua chake kimepona. Upweke ulimkaba. Je, mmewahi kukaa na simu nzima kabisa, ina chaji, ina mtandao, na hailii?

Siku moja mchana akashindwa kuvumilia. Akampigia muuguzi.

"Dada, ni mimi fundi. Za siku nyingi?"

Yule dada akasema polepole, "Nzuri, kaka. Samahani, na hii simu nitailipia?"

Fundi akaumia moyo. "Hapana, dada. Nimekupigia tu. Mbona siku hizi huulizi? Mambo yanaenda?"

"Yanaenda hivyo hivyo. Ile zana yako, mwezi ukiwa na tarehe thelathini na moja, inairuka. Watoto wa siku hiyo majina hayatokei. Kuna mmoja alikosa chanjo, nikamfuata kwao kwa miguu. Sasa naandika kwenye daftari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka, kaka. Nikaona natakiwa nilipe kwanza. Nikasema pengine kosa ni langu."

Fundi akawapigia wateja wote, mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa ameliona kosa lile lile. Muuza dawa naye. Kila mmoja kwa upande wake alidhani ni ujinga wake, akanyamaza. Zaidi ya nusu walikuwa wameshaiacha zana siku nyingi. Yeye alikuwa anashangilia utulivu wa nyumba ambayo watu wameshahama.

Nasi je? Baba, ni lini mwanao alikuambia jambo linalomuuma? Unasema hana shida. Una hakika, au uliweka bei? Maana bei si lazima iwe pesa. Ni kule kuguna kabla hajamaliza kusema. Ni kutazama saa. Ni "sema haraka, nina kazi." Mwenzako anajipima, anaona hawezi, anakwenda kuandika kwenye daftari lake. Na wewe unamshukuru Mungu kwa nyumba tulivu!

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Mwaka jana, mke wangu, mama mchungaji, alipofariki, nilichoka. Nikabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi: ushauri ni Jumanne tu, jiandikishe kwa katibu, eleza shida yako kwa maandishi. Miezi saba sasa hajaja hata mtu mmoja. Nikamwandikia askofu kwamba usharika wetu una amani. Na kila Jumanne nimekaa mle ndani kutwa nzima nikisikiliza hatua za watu. Zinakuja mpaka mlangoni, zinasimama kidogo, halafu zinarudi zilikotoka.

Karatasi ile nimeibandua leo asubuhi. Ninayo hapa mfukoni. Wewe uliyesimama pale ukaisoma ukaondoka, nakuomba, njoo tena. Na usipokuja, nitakuja mimi.