Chama Chekundu cha Kwasemdoe

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Katika shamba la mkonge la Kwasemdoe, enzi za Mwingereza, palikuwa na watu watatu. Nantanga, mkata mkonge, akiinua mkono watu mia nne wananyamaza. Bi Mwantumu, manju wa ngoma, akiimba hata mgonjwa anatikisa bega. Na Kilua, mkalimani wa boma, Kiingereza kilimtoka kama kazaliwa nacho.

Manamba, vibarua wa mkataba, waligoma. Walichoka kuchapwa viboko. Serikali ikasema huo ni mkono wa wakomunisti, ikampelekea Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma, simu ya maandishi: usipotuandikia kufikia Ijumaa alasiri kwamba ghasia zinapungua, tunaleta askari na bunduki. Kilua aliisoma simu hiyo. Kambini alikuwa na mashemeji na wajomba. Akapenyeza habari.

Nantanga akafanya lake. "Visu vyote stoo," akawaambia wenzake. "Atakayekuja na bunduki atukute mikono mitupu." Kisha akasimama mbele peke yake, akijua fika kwamba risasi ya kwanza ni yake.

Bwana Shauri alipofika na Kilua akawakuta watu wamekaa kimya, ndiyo kwanza akaogopa. "Hawa wanapanga jambo," akasema. Hapo Bi Mwantumu naye akafanya lake. Aliwatoa wanawake na ngoma zao, akaimba mpaka mzungu akaanza kugongagonga kiatu. Uso ukamlegea. Ila wimbo ulikuwa na maneno yake: "Chama chetu chekundu, nani wa kukivunja?" Salaala! Kiswahili cha Bwana Shauri kilikuwa cha kuombea chai, lakini "chama" alilijua, na "chekundu" alilijua, rangi ya wakomunisti. Mkono ukaenda kwenye bastola.

"Chama gani hicho?"

Kweli kilikuwa chama cha ngoma, chenye vilemba vyekundu. Kweli pia mgomo ulipangwa humo humo, na Kilua alijua. Akafanya lake.

"Cha ngoma tu, Bwana. Wanashindana na chama cheupe."

Chama cheupe hakikuwapo duniani. Bwana Shauri akacheka, akaandika kwamba ghasia zinapungua. Askari hawakuja, viboko vikakoma na mgomo ukaisha.

Mwezi haukuisha, Bwana Shauri akataka aonyeshwe hicho chama cheupe kikicheza. Uongo ukafichuka, wakakamatwa wote watatu, kifungo miaka saba kila mmoja. Lakini serikali, kwa kuchelea kambi isiwake tena, ikakubali kumsamehe mmoja, na watu wa kambi ndio wamtaje.

Mkalimani mwingine hakuwapo. Kilua akasimamishwa na pingu zake awatafsirie. Mkewe alikuwa pale pale, mtoto mgongoni, anamwangalia. Angeweza kupindisha neno moja tu akarudi nyumbani. Hakupindisha. Alitafsiri yote kama yalivyosemwa.

"Bila visu kuwekwa chini tungekufa," akasema mmoja.

"Bila ngoma je?"

"Na bila ule uongo?"

Wakabishana mpaka jua likaelekea kuchwa, Bwana Shauri akisubiri jina moja.

Msinitazame mimi. Nina wangu na simtaji. Wewe uliyekaa hapo, ungemtoa nani, na wale wawili wanaobaki ungewaambia nini?