Uji wa Mtu Mmoja

Mama mmoja alikuwa na mtoto mmoja wa kuzaa na wengi wa kulea. Jina lake Namkunda, na nyumba yake ilikuwa juu kabisa kwenye milima ya Upare, mahali ambapo basi halifiki. Linakushusha stendi huko chini, kisha unapanda kwa miguu. Mumewe alikuwa na ndugu wengi, ndugu hao walikuwa na watoto, na kila aliyeshindwa kulea alimletea Namkunda. Hakumrudisha hata mmoja. Asubuhi alipika uji wa mahindi sufuria nzima, akamimina kwenye vikombe vya bati vilivyojaza meza, na aliyechelewa kuamka alikuta chake kimeshapoa. Ndiyo maisha aliyoyajua. Kisha watoto wakakua wakatawanyika, mume akafariki, na mwanawe wa kumzaa, Elirehema, akapata kazi ya kusimamia ghala Dodoma. Nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Mtu akibaki peke yake hapiki. Nyinyi wajane mnanielewa, na nyinyi wazee mliofiwa na wake zenu mnanielewa zaidi. Namkunda aliacha kupika makande, kwa sababu makande ya mtu mmoja ni kujisumbua tu. Akaacha na uji. Akawa mtu wa chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na mkate mweupe wa dukani. Asubuhi hivyo, jioni hivyo hivyo. Mwili ukamjibu. Kichwa kikawa kizito, macho yakaona ukungu, miguu ikavimba. Elirehema akaja, akampeleka hospitali, na daktari akawaambia kwamba presha iko juu, sukari inapanda, na mafuta yamezidi kwenye damu. Akampa vidonge. Kisha akaongeza neno moja: kila asubuhi mama anywe uji wa oti.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Inauzwa kwenye kopo, imepondwapondwa ikawa vipande vyepesi. Namkunda alipoiona mara ya kwanza alicheka, akasema hizi si ni pumba, kuku wake wangefurahi kweli. Lakini daktari alieleza vizuri, nami nawaeleza kama alivyoeleza, msije mkasema mhubiri anadharau dawa. Uji ule ukiiva una utelezi. Utelezi huo hukamata sehemu ya mafuta mabaya tumboni na kutoka nayo, yasiingie yote kwenye damu, na moyo ukapata nafuu. Sukari yake haimwagiki mwilini kwa pupa, inaingia polepole. Tumbo linashiba mpaka mchana, na choo kinapatikana bila taabu. Hayo yote ni kweli. Katika habari hii oti haina kosa, na daktari hana kosa.

Elirehema naye alikuwa mtoto mwema, kwa hiyo msianze kumnyooshea kidole mapema. Aliporudi Dodoma alinunua makopo ya oti, akayafunga kwenye boksi, akamkabidhi kondakta. Kila mwisho wa mwezi boksi lilifika stendi, na Namkunda akashuka kulichukua. Kila Jumapili mwana alipiga simu kuuliza kama mama anakunywa uji wake. Mama alijibu kwamba anakunywa, tena vizuri. Mwana akalala usingizi mtamu.

Mama hakuwa anakunywa.

Msikimbilie kumwita mwongo. Siku ya kwanza alipika. Alichota oti kwa konzi kama alivyozoea kuchota unga, na mkono ule haukuwahi kujifunza kipimo cha mtu mmoja. Oti ikavimba, sufuria ikajaa pomoni. Akashusha vikombe bila kufikiri, akamimina, akamimina tena, na alipoinua macho meza ilikuwa imejaa vikombe vinavyofuka mvuke, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Akakaa akavitazama mpaka uji ukafanya utando juu. Akawapa kuku. Kesho yake akatafuta kisufuria kidogo, akapika kikombe kimoja, kama alivyoagizwa. Uji ulikuwa mzuri tu, haukuungua wala haukuwa na madonge. Akauinua mdomoni, akaurudisha mezani. Alilia, ndugu zangu. Mama wa watu alilia kwa ajili ya kikombe cha uji. Tangu siku hiyo akarudia chai yake, kwa sababu chai unaweza kuinywa umesimama, na ukisimama huvioni viti vitupu.

Makopo akayapanga kwenye kabati la vioo, pale tunapoweka sahani za wageni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Boksi lilipokuja jingine, akayapanga na hayo. Majirani waliopita kumjulia hali waliyaona, wakasema Mama Eli wewe una mtoto, wengine wetu tulizaa hasara. Namkunda aliitikia kwamba ndiyo, anaye mtoto, na akawatengenezea chai. Walipoondoka aliyafuta vumbi yale makopo, moja moja, akafunga kabati.

Mama na mwana waliporudi hospitali, vipimo vilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Daktari akamvuta Elirehema pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama akiendelea hivi atapata kiharusi, na huenda asiamke tena. Elirehema akawaka. Akasema huo uji wenu hauna kitu, labda hata makopo ni ya bandia, maana anatuma kila mwezi na mama anakunywa kila siku. Daktari hakubishana naye. Alimwuliza tu kama amewahi kumwona mama yake akiunywa. Elirehema akamshika mama mkono, wakatoka. Siku hiyo alimpandisha mama mlimani mpaka nyumbani, na badala ya kuaga mlangoni ili awahi basi, aliingia sebuleni akakaa. Ndipo akaliona kabati. Akafungua, akanyanyua kopo, zito. Akanyanyua jingine, zito vile vile. Akageuka, na kwa sauti ambayo mtoto hampazii mama yake akamwuliza kwa nini anajiua kwa njaa wakati chakula kimejaa ndani.

Namkunda alivua kandambili zake, akakaa. Akasema, "Uji ninao, mwanangu. Sina wa kunywa naye."

Elirehema alisikia. Naomba mlishike hilo, alisikia na alielewa. Aliomba ruhusa kazini kwa simu, akaingia jikoni mwenyewe, akapika oti, na wakanywa wote wawili, huyu upande huu wa meza na huyu upande ule. Asubuhi iliyofuata mama ndiye aliyepika, na kipimo cha watu wawili hakikumshinda hata kidogo. Zile siku chache mlima ule uliona ajabu. Miguu ya Namkunda ilianza kupungua uvimbe. Alicheka mpaka majirani wakasikia. Mwana alipoondoka aliahidi kwamba kila mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe, hata kama ni kwa asubuhi moja, wanywe uji halafu arudi zake. Mimi naamini aliahidi kwa moyo. Wengi tunaahidi kwa moyo.

Mwezi ukaisha. Ghalani kukawa na ukaguzi, bosi akataka watu wote wawepo. Elirehema akajiambia ni mwezi huu tu. Akaenda dukani, akachagua oti ya bei, ile iliyochanganywa na zabibu, akachagua na kopo kubwa kuliko yote, maana dhamiri ikikusumbua mkono hufunguka. Akataka kumpigia mama simu amwambie, kazi zikamzidi, akasema atampigia jioni.

Namkunda aliamka akafagia uwanja. Akainjika maji. Akaweka vikombe viwili mezani, akavifunika. Kisha akavaa kitenge chake cha kutokea, akashuka mlima pole pole, akisimama kila mahali palipo na jiwe la kukalia, mpaka stendi. Basi likaja. Watu wakashuka na mizigo yao, na yeye akasimama mlangoni akiwatazama usoni mmoja mmoja, mpaka akashuka wa mwisho. Akazunguka akachungulia madirishani. Kondakta alimjua, akaja anatabasamu, akamwambia mzigo wako huu hapa bibi, mwanao hakusahau. Akamwekea boksi mikononi. Namkunda akashukuru. Akalipandisha mlimani kichwani, akalifungua, akalipanga kopo pamoja na mengine, na vile vikombe viwili akavirudisha mahali pake vikiwa vikavu.

Mwezi uliofuata ikawa vile vile. Wa baada ya hapo boksi lilikaa stendi mpaka jioni bila mtu wa kulichukua, na kondakta ndiye aliyempigia simu Elirehema, naye akamtuma jirani. Jirani alimkuta Namkunda kwenye sakafu ya jikoni. Alikuwa hai. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na ulimi umefungwa.

Sasa tazameni ajabu ya wanadamu. Ghala ambalo halikuweza kuachwa kwa asubuhi moja, liliachwa siku ile ile. Ruhusa ambayo haikupatikana, ilipatikana kwa simu ya dakika moja. Elirehema alihamia mlimani, na yuko huko mpaka leo. Kila asubuhi anapika uji wa oti, anaupoza, anamnywesha mama yake kijiko kwa kijiko, anamfuta kidevu. Na oti inafanya kazi yake, nisiwafiche. Daktari akipima anatikisa kichwa kwa kuridhika: mafuta yamepungua, sukari imetulia, presha imeshuka. Majirani wanasema kijana wa namna hii hakuna tena duniani. Lakini ule ugonjwa uliondoka na kitu kichwani mwa Namkunda, na sura ya mwanawe haijui tena. Humwita kwa ishara, kama unavyomwita mtu aliyeajiriwa nyumbani. Anameza uji huku macho yako mlangoni, na hatua za mtu zikisikika nje anageuza shingo haraka, kwa jinsi inavyogeuka, anazuia kijiko kwa mkono ule mzima, kwamba subiri kidogo, kuna mtu wangu anakuja. Elirehema anasubiri, kijiko kikiwa hewani. Mpita njia anapita. Mama anafungua mdomo tena.

Kopo ni nini, na kabati ni nini, kila mtu ataenda kutafuta jibu kwake. Mimi sitamfafanulia mtu mzima. Nina swali tu. Elirehema alimpa mama yake kila kitu alichoagiza daktari, tena alimpa cha bei. Basi wewe uliyekaa hapo, niambie: alimnyima nini?