Kuku wa Shukrani wa Bibi Tirza

Waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awapumzishe kwa amani, walisimulia kwamba zamani za Wakristo wa kwanza wa mto Tana palikuwa na vijiji viwili vilivyopakana. Kimoja kilikuwa juu ya tuta, kikaitwa Mchangani. Watu wake walilima mahindi na maharage, na riziki yao ilitegemea mvua. Cha pili kilikuwa chini bondeni, kikaitwa Mpungani, na watu wake walilima mpunga penye maji ya mto. Kanisa lilikuwa moja, nalo lilikuwa Mchangani, na waumini wa vijiji vyote viwili walisali humo.

Watu wa Mpungani walikuwa wakarimu sana, na ukarimu wao ulikuwa umewapa ugonjwa mmoja. Kila mwaka wa ukame waliwapa Mchangani mchele, wala hawakudai kitu. Lakini wao wenyewe hawakuwahi kupokea hata punje kwa mtu, na jambo hilo walilipenda kuliko walivyoupenda mchele. Wao waliwaita jirani zao wa juu Wanyoosha Vikapu, kwa kuwa kila ukame walinyoosha vikapu kupokea. Mtoto wa Mpungani alipoomba kipande cha muwa kwa watu, mama yake alimwuliza kama amezaliwa Mchangani.

Huko Mchangani aliishi mjane mmoja, Bibi Tirza, mwenye umbo dogo na sauti kubwa. Katika sala hakuwa mtu wa kunong'ona. Mwaka mmoja jua lilipowaka mpaka majani ya mahindi yakajikunja, Mwalimu Yafeti, aliyekuwa mlezi wa kanisa lile, aliwaita waumini waombe mvua, akampa Bibi Tirza heshima ya kuongoza dua. Bibi akasimama akamwomba Mola mvua, tena si ya manyunyu, bali mvua ambayo hata vyura wataomba ipungue. Kanisa lote likasema Amina.

Juma halikuisha, mbingu zikafunguka. Watu wa Mchangani walifurahi sana, wakamletea Bibi Tirza kuku mweupe wa shukrani. Kwa desturi yake angesema kwamba shukrani ni ya Mungu, akawarudishia. Lakini alimtazama kuku yule, akaona alivyonona, akamchinja, akamla peke yake siku ile ile, na mifupa akaifyonza.

Mvua haikukoma. Mto ukapanda, ukapita ukingo, ukaingia Mpungani kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Mpunga ukazama, kuta za udongo zikayeyuka, na watu wakapanda juu ya madungu yao, yale majukwaa marefu ya miti ya kuamia ndege shambani, wakaishi huko na watoto na mbuzi wachache waliosalia.

Kanisa lilikuwa na ghala la malimbuko, lililowekwa kwa ajili ya yatima na wenye shida. Mwalimu Yafeti akalifungua, akina mama wakafunga vikapu vya unga na maharage, vijana wakavipakia katika mitumbwi wakashuka navyo. Jioni mitumbwi ikarudi na vikapu vikiwa vimefungwa vile vile, na juu yake mkungu wa ndizi mbichi. Watu wa Mpungani walikuwa wameshukuru, wakakataa, kisha wakaona si adabu mgeni kuondoka mikono mitupu. Safari ya pili wapiga kafi walirudi na vikapu vyao na kambare mkubwa. Mwalimu Yafeti alisema kwa huzuni kwamba tukiendelea kuwasaidia hivi tutawamaliza.

Ila wapiga kafi walirudi pia na habari ambayo haikuchekesha mtu. Ketura, mkwe wa Mzee Hiribae, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa Mpungani, alikuwa amejifungua juu ya dungu. Chakula chake kilikuwa mizizi ya yungiyungi, na maziwa hayakutoka. Kilio cha mtoto kilikuwa kikipungua siku hata siku. Walimpa uji, naye akautazama, kisha akamtazama baba mkwe wake, akasema hana njaa. Bibi Tirza aliposikia hayo, aliweka chini bakuli la chakula alichokuwa akila, wala hakuliinua tena.

Jumapili iliyofuata, ibada ikiwa inakaribia mwisho, Mzee Hiribae aliingia kanisani mwenyewe, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, tunawashukuru. Msituletee tena," alisema. "Sisi hatuna shida. Tuna maji tu."

Mwalimu akamkaribisha japo kikombe cha uji, naye akajibu kwamba ameshiba. Hapo tumbo lake likanguruma, likasikika mpaka viti vya nyuma, na waumini wote kwa heshima wakatazama dari.

Palikuwa na mtu mmoja, Komora, mwenye shamba kubwa na mkono mfupi. Yeye tangu mwanzo hakufurahi ghala kufunguliwa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee amesema ameshiba. Mwacheni na maji yake."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Hiribae. Akageuka. "Maji haya si yangu," alisema. "Ni ya Bibi Tirza wenu. Mngetaka kutufaa, mngemziba kinywa kabla hajaomba."

Watu wakaguna. Wengine walianza kumwambia Bibi Tirza asijali, ni uchungu unaosema. Lakini Bibi Tirza alikuwa amekwisha kusimama.

"Amesema kweli," alisema. "Naomba wazee wakae, nishtakiwe."

Sasa, desturi ya mto ule ilikuwa hivi. Sadaka mtu aweza kuikataa, na hapana lawama. Lakini fidia haikataliwi. Mtu ambaye mbuzi wake wamekula shamba la mwenzake huilisha nyumba ile mpaka mavuno, tena huibeba fidia kwa kichwa chake mwenyewe na kuiweka mlangoni. Aliyekosewa akiikataa, ametangaza uadui, na hata meza ya Bwana haikaribii mpaka aipokee.

Mwalimu Yafeti, aliyeogopa mafundisho yasiharibike mbele ya macho yake, alieleza kwa upole kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu, humnyeshea mwema na mwovu, na kwamba maji yale yalishuka kutoka milima ya mbali.

"Mwalimu, mimi niliomba mvua kubwa," alijibu Bibi Tirza. "Sikusema inyeshe wapi, wala ikome lini. Iliponyesha mliniletea kuku, nikamla. Kama mvua haikuwa yangu, basi kuku yule nilimla kwa dhuluma. Na kama ilikuwa yangu, mafuriko nayo ni yangu. Nionyeshe njia ya tatu."

 Mwalimu alikuwa amesoma vitabu vingi, lakini hakuna kilichokuwa na habari ya kuku yule.

Mzee Hiribae alianza kuona njia hii inakoelekea, akajaribu kurudi nyuma. Akasema kwamba alinena kwa hasira, Bibi asiyashike.

"Ina maana umesema uongo nyumbani mwa Bwana, kaka?"

"Mimi sisemi uongo kanisani."

"Basi nilipishe fidia."

 Tumbo la Mzee likajibu kabla yake. Mwisho akasema, kama mtu anayetafuta mlango, kwamba mjane mmoja hawezi kukilisha kijiji kizima. "Wewe una nini, dada?"

"Nina mahindi kidogo, na sauti," alisema Bibi Tirza. "Lakini sikuomba peke yangu. Palikuwa na watu waliosema Amina."

Inasemekana kanisa lile halijapata kuwa na ukimya kama huo, hata Ijumaa Kuu. Kisha mwanamke mmoja wa mbele akasimama, akakiri kwamba alisema Amina. Mumewe naye akasimama. Wakasimama wanakwaya, kwa kuwa wao waliisema kwa sauti nne. Mwalimu Yafeti naye akaona haya kubaki ameketi, akasimama kando ya meza yake. Mwishowe wote walikuwa wima, isipokuwa Komora, ambaye alikuwa akichunguza kidole gumba cha mguu wake.

Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu kwamba yeye hakusema Amina. Kwa masikitiko makubwa, wakati wa dua ile alikuwa amelala, na udhaifu huo amekwisha kuutubu.

Mkewe, Rispa, mwanamke mpole asiyezoea kusema mbele za watu, aliinua mkono. "Ni kweli alilala, simsingizii," alisema. "Ila aliamka mwishoni, akadhani ibada imekwisha. Akasema Amina baada ya wote, na kubwa kuliko zote. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, akashtuka akalia."

Watu walijaribu kujizuia kwa sababu ya mahali walipo, wakashindwa. Hata Mzee Hiribae alicheka, kwa mara ya kwanza tangu maji yaingie nyumbani kwake, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Nadhani ni hiyo iliyovunja ukingo wa mto."

Kisha akajifuta macho, akatoa hukumu kama mtu aliyekosewa anavyopaswa. Waliosema Amina watailisha Mpungani mpaka mpunga utakapovunwa tena, na kila mmoja atabeba kwa kichwa chake.

Kesho yake kanisa zima lilishuka bondeni. Penye kina walitumia mitumbwi, na penye maji ya kifuani walitembea, vikapu vichwani. Komora alibebeshwa kikapu kikubwa kuliko vyote, kwa kadiri ya Amina yake, akaenda akinung'unika kwamba tangu siku hiyo atalala nyumbani. Watu wa Mpungani waliwatazama kutoka juu ya madungu, na hakuna aliyesema hana njaa, maana sasa ingekuwa dhambi.

Bibi Tirza alipanda dungu la Mzee Hiribae, akapika uji, akamwekea Ketura mbele yake. Ketura akamtazama baba mkwe wake. Mzee akatazama pembeni, akasema, "Pokea, mwanangu. Tumekosewa."

Akanywa, akaomba tena. Alipoona sahani ya maharage inakuja, akauliza kwa wasiwasi, "Bibi, na haya nayo ni fidia?"

"Mahindi ni ya dua," alisema Bibi Tirza. "Maharage ni ya Amina. Kula."

Siku zikapita, maziwa yakatoka, na mtoto akapata nguvu ya kulia hata akasikika madungu yote. Mzee Hiribae alimsikiliza kwa furaha, akasema kwamba huyu naye akikua asipewe nafasi ya kuomba mvua.

Katika mojawapo ya safari hizo Mwalimu Yafeti, ambaye jambo hili lilikuwa bado linamkereketa, alimwuliza Bibi Tirza faraghani kama alijishtaki kwa ikhlasi au kwa hila, ili tu watu wale wapate kula. Bibi alikiweka sawa kikapu kichwani.

"Ingekuwa hila ningekuungamia," alisema. "Kuku nilimla kweli, Mwalimu. Na tangu niliposikia mtoto yule halii tena kwa nguvu, kuku huyo amenikaa hapa," akajigusa kifuani.

Maji yakashuka, mpunga ukapandwa, ukavunwa, na fidia ikaisha. Miaka ikapita, ukame ukarudi, ukavikumba vijiji vyote viwili. Siku ya kuomba mvua Mpungani walikuja wote, na Mzee Hiribae akaomba kusimama kando ya Bibi Tirza anaposali. Bibi akaomba kwa sauti yake ile ile. Alipofika mahali pa kutaja ukubwa wa mvua, Mzee alikohoa, na Bibi akamwambia Mola kwamba itoshe kufika magotini pa ndugu yake huyu, isipite hapo. Waumini wakasema Amina polepole, wakitazamana. Komora alikuwa macho.

Mvua ikanyesha kwa kadiri. Safari hii watu wa Mpungani ndio waliomletea Bibi Tirza kuku wa shukrani, naye alikuwa amenona kumshinda yule wa kwanza. Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akaomba sufuria kubwa ya kanisa, ile ya harusi na matanga, akampika kwa maji mengi, akawapanga watu wa vijiji vyote viwili mlangoni pa kanisa, na kila mtu akapewa kijiko kimoja cha mchuzi. Komora alitaka kupita bila kunywa. Mzee Hiribae akamrudisha kwa kola ya kanzu.

"Kunywa," alimwambia. "Mto ukija tena, asiwepo wa kusema hakuonja."

Ndugu zangu, mkono unaopokea ni mzito kuinua kuliko unaotoa. Sisi tuliopikiwa na majirani siku za matanga tunalijua hilo; sahani hufika mlangoni, na mtu husema ameshiba. Heri yule aletaye chakula kama mtu anayelipa deni, kwa maana mbele za Mungu ndivyo alivyo. Na tusemapo Amina, kila mmoja wetu aangalie kama ana kikapu nyumbani.