Shahada ya Hasidi wa Bondeni

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba katika nchi ya Yaman palikuwa na bonde la mitende lililolimwa na nyumba arubaini. Liwali wa mji akalitamani. Akatuma askari na hati isemayo kuwa bonde lile lilikuwa ardhi mfu, isiyolimwa wala kuwa na mwenyewe, na kwamba yeye ndiye aliyelihuisha miaka kumi nyuma kwa kuchimba mfereji. Na sharia humpa ardhi mfu aliyeihuisha.

Wakulima hawakushika panga. Aliwazuia mwenzao Wathila bin Asmari, mtu mpole mwenye kupendwa, akawaambia, "Ndugu zangu, tusimpe sababu. Sisi tulime tu." Basi kila baada ya sala ya alfajiri waliingia shambani na majembe, wake zao wakaketi juu ya matuta. Askari waliwafukuza kwa fimbo, na kesho yake wakarudi. Hali iliendelea hivyo miezi saba, mpaka habari ikamfikia Kadhi, naye akawaita wote barazani.

Kadhi hakuukubali ushahidi wa wakulima peke yao, kwa kuwa kila mmoja alijishuhudilia. Akataka na shahidi asiye na fungu bondeni. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Mundhiri bin Luai, ambaye shamba lake lilikuwa nje ya mpaka, limepakana na la Wathila.

Sasa Mundhiri, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hasidi. Simsengenyi, maana alikiri mwenyewe. Wathila akivuna tende, Mundhiri alishikwa na homa. Hata dhuluma ya liwali ilimwongezea uchungu, kwani watu sasa walimtaja Wathila katika dua zao, naye akajiuliza, "Hata kwa kuonewa amenishinda?" Wakili wa liwali alikijua kidonda hicho. Akamwendea nyumbani, akamwambia, "Sheikh Mundhiri, sema lilikuwa jangwa. Shamba la Wathila litakuwa lako." Mundhiri hakukubali, wala hakukataa.

Barazani Kadhi akamwuliza kwanza, kama ilivyo ada, "Kuna uadui baina yako na mmoja wa hawa?"

"Namhusudu Wathila, bwana Kadhi. Mwaka wa thelathini huu."

Wakulima wakainamisha vichwa.

"Apa, kisha ushuhudie."

Mundhiri akaapa. Alipokwisha kulitaja jina la Mola wake, ulimi ukawa mzito kwa lile alilokuja nalo. Akasema, "Bonde lile halikuwa jangwa. Mtende ulio karibu na mpaka wangu, Wathila aliupanda mwaka wa njaa kuu, miaka ishirini iliyopita, ukaanza na vichala vitatu. Wa pili uliliwa na mchwa, akapanda mwingine." Akaendelea kuitaja mmoja mmoja, ya Wathila na ya majirani zake.

Kadhi akastaajabu. "Umeyajuaje haya ya shamba la mwenzio?"

"Mwenye shamba hulitazama akiwa na kazi nalo. Mimi nimelitazama kila siku kwa kijicho. Sidhani yuko alijuaye kunizidi."

Kadhi akatuma watu kutazama, wakakuta ni vile vile. Wakili akalalamika kuwa shahidi ni adui. Kadhi akamjibu, "Angemshuhudilia mabaya amhusuduye, ningeutupa ushahidi wake. Huyu amemshuhudilia haki." Akawarudishia wakulima bonde lao.

Njiani watu walimsifu Mundhiri, sifa alizozionea kiu miaka yote. Akasimama, akalia. "Msinisifu. Nilitoka nyumbani nimeazimia kusema uongo."

Wathila akamshika mkono. "Tulijua, ndugu yangu. Wakili alionekana akitoka kwako. Wiki nzima tumekuombea wewe, shamba tukalisahau."

Enyi wapenzi, husuda ni maradhi, na waliopona miongoni mwetu ni wachache. Mundhiri naye hakuwa amepona alipoisema kweli. Basi tusingoje nyoyo zitakate ndipo tumshuhudilie jirani haki yake.