Kwa Nini Vitabu vya Mitishamba vya Uchina Huanza na Ladha

Kabla vitabu vya dawa havijakuwapo katika nchi ya Uchina, ujuzi wa mitishamba ulikaa vichwani mwa watu. Mganga alimnong'oneza mwanawe siri zake akiwa mzee kabisa, kwa kuogopa kwamba akizitoa mapema hatahitajika tena. Hivyo ndivyo alivyoishi Duan Hezhi, mganga wa kijiji kimoja bondeni. Binti yake, Ruolan, alimsagia mizizi kwa miaka kumi na miwili, lakini hakuwahi kuambiwa upi unatibu nini.

Mwaka mmoja homa iliingia bondeni. Mtu alitapika leo, na siku ya tatu akazikwa. Hezhi alichemsha mzizi fulani mweusi, na wagonjwa wanne wakainuka. Kisha homa ikamwangusha yeye mwenyewe, ikamkaza ulimi. Alisikia kila kitu, ila hakuweza kutamka neno.

Nje ya mlango walikuwa wamelazwa watu kumi na tisa. Ruolan aliingia ghalani, mahali ambapo baba yake hakumruhusu kuingia, akakuta vikapu viwili vya mizizi myeusi iliyofanana. Akavileta kitandani.

"Baba, ni upi? Fumba macho nikiugusa."

Hezhi alifumba macho kwenye kikapu cha kwanza. Akafumba tena kwenye cha pili. Ruolan hakujua kama anajibu au anazidiwa.

Jirani yao, Gu Shen, mwandishi wa barua za kijiji, alikuwa na mke wake mgonjwa pale nje. "Chemsha yote, mdogo wangu," alisema. "Hatuna muda."

"Mmoja unaua, kaka. Wawindaji huja kwa baba kuuchukua, wapake sumu yake kwenye mishale."

"Sasa utajuaje?"

"Nitaonja. Wewe andika ninayosema. Nikinyamaza, usimpe mtu mzizi huo."

Gu Shen akatwaa kipande cha mwanzi na wino. Ruolan akatafuna kipande cha mzizi wa kwanza. "Mchungu," alisema. "Kifua kinapoa." Walingoja. Hakuna kilichomdhuru.

Akatafuna wa pili. "Una utamu kidogo. Midomo inakufa ganzi. Vidole pia." Kisha akanyamaza. Gu Shen aliandika, akamgeuza binti yule kifudifudi, akamtia vidole kooni hadi akatapika. Alimshika hivyo, akihesabu pumzi zake, mpaka alipofumbua macho na kusema, "Chemsha ule mchungu."

Mke wa Gu Shen alipona, na wengine kumi na wanne. Hezhi alikata roho kabla chungu hakijachemka, akaondoka na siri ya mizizi mingine yote iliyojaa ghalani. Ruolan aliionja mmoja mmoja maisha yake yote, na Gu Shen akaandika.

Vipande vile vya mwanzi vilinakiliwa kijiji kwa kijiji, vikawa vitabu, vitabu vikavuka mipaka hadi Korea na Japani. Ndiyo maana hadi leo, ukifungua kitabu cha kale cha mitishamba ya Uchina, kabla hakijakuambia mmea unatibu nini, kinakuambia ladha yake, na kama una sumu. Aliyekianza alitaka ujue kwanza kilichompata yeye alipoutia mdomoni.