Masikio ya Simba

Mwaka ambao mvua iliisahau njia ya kuja Nyika ya Mkole, visima sita vilikauka kimoja baada ya kingine, kikabaki kimoja tu, kisima cha Simba. Simba hakupenda wanyama waje kunywa na kuondoka kama wapita njia. Alitaka wamwamkie kwanza, tena wakiwa wamepanga mstari ulionyooka. Basi akazungushia kisima uzio wa miiba, akatundika kengele kwenye tawi, akatangaza kwamba pale ni shule, yeye ni Mwalimu Mkuu, na asiye mwanafunzi hanywi maji.

Siku ya pili wanafunzi walifika arobaini na mmoja. Wapo wanaosema walikuwa arobaini, lakini hao humsahau Babu Kobe. Yeye alianza safari siku ya tangazo akafika jioni ya siku ya pili, akaandikishwa darasa la kwanza pamoja na vitukuu vyake.

"Babu, na wewe umekuja kusoma?" Sungura alimwuliza.

"Nimekuja kunywa, mjukuu wangu. Kusoma ndiyo njia ya kufikia ndoo."

Somo lilikuwa moja: Ukoo wa Simba. Asubuhi Simba alifundisha matendo ya babu yake, adhuhuri matendo ya baba yake, na alasiri, alipofikia matendo yake mwenyewe, usingizi ulimchukua. Haikuruhusiwa kusema kwamba amelala. Ilisemwa kwamba Mwalimu Mkuu anatafakari.

Ili atafakari bila bughudha, alimteua Fisi kuwa kiranja, akamkabidhi daftari la kuandika wapiga kelele.

"Daftari hili ni masikio yangu," aliwaambia wote mstarini. "Litakachosema, mimi nimekisikia. Atakayesomwa humu asubuhi, siku hiyo hanywi. Atakayeandikwa mara tatu, atoke asirudi."

Kila mmoja aliangalia kisima, kisha akaangalia nyika nje ya uzio, iliyokuwa nyeupe kama mfupa.

Fisi alilipenda daftari lile kama anavyopenda mfupa wenye uboho. Hazikupita siku mbili akagundua kwamba jina lililoandikwa kwa penseli alasiri laweza kufutwa kabla ya mstari wa asubuhi. Ukikohoa, anaandika. Ukijikuna, anaandika. Kisha anakusogelea na kukunong'oneza: "Una nini leo?" Nyegere alitoa asali. Korongo alitoa dagaa. Sungura alitoa karanga. Fisi alikula palepale, na bila hata kunawa akalamba kidole gumba na kulisugua jina mpaka likatoka, mara nyingine likatoka pamoja na karatasi. Kilichomshinda kula alikificha ndani ya sanduku la chaki, akalikalia.

Sasa, mdomo wa Sungura haukuumbwa kwa kukaa kimya. Karanga zake zilikwisha kabla ya maneno yake. Aliandikwa mara ya kwanza kwa kuuliza swali, akashinda na kiu. Aliandikwa mara ya pili kwa kupiga chafya.

"Bado moja, ndugu yangu," Fisi alimwambia kengele ya mwisho ilipolia. "Kesho ulete kitu. Usipoleta, nitasikia kelele."

"Hata nikinyamaza?"

"Ukinyamaza nitasikia zaidi."

Sungura alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kisima. Nje ya uzio ule asingemaliza siku tatu. Akaenda moja kwa moja kwa Babu Kobe, na wote wawili wakaenda kwa Twiga.

Twiga alikuwa mwanafunzi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitoa hata mguno. Asubuhi majina yakiitwa, yeye huinamisha kichwa tu, na Simba humwekea alama kwamba yupo. Mkoba wake aliuning'iniza shingoni, juu kabisa, mahali ambapo hapafiki pua ya mtu. Jioni ile aliishusha shingo mpaka masikio yake yakagusana na ya Sungura. Akasikiliza. Akatafuna. Mwisho akatikisa kichwa kukubali, na midomo yake mirefu ikajikunja kama ya mtu aliyekumbuka jambo la kuchekesha.

Kesho yake alasiri Simba alianza kutafakari, na darasa zima likanyamaza, maana Sungura alikuwa amewapitia wote mmoja mmoja. Hapakuwa na kikohozi wala kujikuna. Nyani alikalia mikono yake. Palisikika sauti mbili tu, pumzi za Mwalimu Mkuu na tumbo la Fisi. Kiranja alizunguka na penseli yake mpaka jasho likamtoka, asipate wa kumwandika. Akamwendea Sungura.

"Umeleta?"

"Sina kitu, kiranja. Lakini ukiniandika utapata nini? Nikifukuzwa nitaondoka na masikio yangu haya tu. Mwenye mali yuko pale juu." Akaelekeza macho kwenye mkoba wa Twiga.

"Ana nini mle?"

"Nitajuaje? Mimi ni mfupi kama wewe. Ninachojua, tangu shule ifunguliwe hajakupa hata punje, na mkoba haupungui."

Fisi alimeza mate. "Lakini Twiga hatoi sauti."

"Ah, kiranja! Daftari si masikio ya Simba? Nani atabishana na masikio ya Simba?"

Fisi akaandika. Akaenda kusimama chini ya Twiga. "Wewe! Nimekuandika. Shusha mkoba nikufute."

Twiga alitazama mawingu, ingawa hayakuwapo.

Fisi akaandika kosa la pili. "Haya, yamekuwa mawili. Shusha!"

Twiga alitafuna.

Fisi akaandika la tatu, na hilo alilitafuta kwa hasira, liwe kosa la kumtia mtu adabu kweli. Kwa hasira ile akamsahau Sungura kabisa.

Asubuhi mstari ulinyooka. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba. Kiranja, soma."

Fisi alikohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya kiongozi. "Twiga. Kosa la kwanza, kupiga kelele. Kosa la pili, kupiga mluzi. Kosa la tatu, kumwigiza Mwalimu Mkuu anavyokoroma."

"Anavyofanya nini?" Simba aliuliza.

Fisi aliangalia tena alichokiandika, na manyoya ya mgongo yakamsimama.

Sungura alinyoosha mkono. "Mwalimu Mkuu, naomba kuuliza, ili nielimike."

"Uliza."

"Daftari ni masikio yako, nasi tunaamini. Kwa hiyo wewe mwenyewe ulimsikia Twiga akikoroma kama wewe. Sisi hatukusikia kitu, maana wewe hukoromi, unatafakari. Tunaomba Twiga arudie, ili tujue tusichopaswa kuiga."

Simba aliuona mtego. Akisema alisikia, basi hukoroma. Akisema hakusikia, basi masikio yake yanadanganya. Mkia wake ulipiga ardhi mara mbili.

"Twiga! Rudia."

Twiga alisogea mbele, akainamisha shingo, akapanua mdomo mpaka gego la mwisho likaonekana. Hakikutoka kitu ila jani moja lililotafunwa nusu. Akajaribu mluzi, ukatoka upepo. Nyuma ya mstari mtu alibanwa na kicheko, na Fisi akafanya kile ambacho fisi wote hufanya wakishikwa na hofu. Alicheka. Alicheka kicheko kirefu kilichoruka uzio na kurudi.

"Lete daftari," Simba alisema.

Hakuwa amelishika tangu alipolitoa. Alilifungua, na jua likapenya kwenye matundu ya majina yaliyofutwa. Akalileta karibu na pua.

"Kiranja, mbona masikio yangu yananuka dagaa?"

Simba akafunua ukurasa. "Hapa yananuka asali." Akafunua mwingine. "Na hapa karanga."

Pua ile ikaondoka kwenye daftari, ikatangulia mbele ya Simba mpaka kwenye sanduku la chaki. Lilipofunguliwa hamkuwa na chaki hata kipande.

"Ndiyo maana mwezi mzima sikuandika ubaoni," alisema Simba, ambaye hakuwahi kuandika ubaoni. "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa namtazama tu."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu!" waliitikia wote. Babu Kobe alikohoa kikohozi kirefu, cha starehe, na hakuna aliyekiandika.

Kila mmoja alichukua chake. Chini kabisa ya sanduku ulibaki mfupa mmoja wenye uboho, mali ya Fisi mwenyewe, aliokuja nao kutoka kwao. Huo Simba aliuchukua, akauvunja mbele ya macho ya Fisi, akaunyonya taratibu mpaka ukawa mtupu. Kisha akamwamuru Fisi aandike jina lake mwenyewe mara tatu. Alipomaliza, Simba alilichana daftari lote, na makosa mawili ya Sungura yakapeperuka pamoja na vipande.

"Sasa nani atakuwa masikio yangu?" Simba aliuliza.

"Hayo uliyozaliwa nayo yanatosha, Mwalimu Mkuu," Sungura alijibu, ndoo ikiwa tayari mdomoni. "Ila itabidi utafakari ukiwa macho."

Langoni Fisi aligeuka. Njaa yake ilikuwa kubwa kuliko aibu yake. "Niambieni basi, jamani. Mle mkobani mna nini?"

Kwa mara ya kwanza Twiga aliushusha mkoba mpaka chini, akaufungua mbele ya pua ya Fisi. Mlikuwa na majani makavu ya mgunga.

Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.